Mtoto wako "anasoma". Lakini anasoma?

Kila ifikapo Juni, skuli zikikaribia kufungwa, kwenye magurupu ya WhatsApp ya wazazi unapita ujumbe ule ule: "Wazazi, likizo isiwe ya kucheza tu. Tuhakikishe watoto wanasoma." Watu huitika kwa madole gumba na mikono ya dua, kisha kila mmoja akaenda kufanya alivyoelewa. Mmoja anamwandikisha mwanawe twisheni ya asubuhi. Wa pili ananunua daftari kubwa na kumwamrisha mtoto anakili kitabu cha sayansi kuanzia ukurasa wa kwanza. Wa tatu anampeleka chuoni, kwa mwalimu wa Qur'ani, asubuhi na jioni badala ya jioni peke yake. Wa nne anamnyang'anya simu na kuhesabu kazi imekwisha.

Mimi nilikuwa wa tano. Mwaka juzi nilimnunulia binti yangu vitabu vitatu vya hadithi, na kwa kujiona mjuzi nikamwambia kila akimaliza kimoja aniandikie muhtasari wa ukurasa mmoja na maneno kumi magumu. Alimaliza kimoja. Viwili vilikaa juu ya friji mpaka skuli zikafunguliwa, na kimoja kati ya hivyo nilikikuta baadaye kimewekwa chini ya mguu wa meza ya kupigia pasi ili isiyumbe.

Sote watano tulikuwa na nia njema, na sote tulidhani tunafanya jambo moja. Kilichotuchanganya ni neno.

Neno moja, kazi tatu

Ukimuuliza mtu wa Wete, kule Pemba, "mwanao anasoma wapi?", hakutajii kitabu, anakutajia skuli. Hiyo ndiyo kusoma ya kwanza: kuwa mwanafunzi, kuvaa sare, kukaa darasani, kufanya mitihani. Ya pili ni kusoma kwa ulimi. Tunasoma Qur'ani, tunasoma maulidi, tunasoma hitima ya marehemu, na aliyehifadhi tunasema anasoma hata kama amefumba macho na hana msahafu mbele yake. Ya tatu ni kuyatazama maandishi ambayo hukuwahi kuyaona, ukayafungua mwenyewe, ukajua yanasema nini, na pengine ukacheka au ukakasirika.

Si Kiswahili peke yake kilichochanganya hivi. Neno la Kiarabu iqra, ambalo wageni rasmi hupenda kulitaja kwenye sherehe za skuli, nalo limebeba kusoma kwa ulimi na kusoma kwa macho kwa pamoja. Na msamiati wetu wa elimu umezaliwa mkekani kwa mwalimu wa Qur'ani: kuhitimu kumetokana na kukhitimu msahafu, na chuo, kabla halijawa jina la mahali pa kusomea, lilikuwa na maana ya kitabu chenyewe. Mwanachuoni alikuwa mtu wa vitabu kabla ya kuwa mtu wa majengo.

Kwa hiyo mtoto wa Unguja au Pemba anaweza kumaliza miaka sita ya kusoma kwa maana ya kwanza, na juzuu kadhaa kwa maana ya pili, asiwahi kukutana na ya tatu. Asubuhi yuko skuli. Mchana anakula, anabadilisha nguo. Alasiri yuko chuoni. Usiku ana kazi za skuli. Siku nzima "anasoma", na anayesema hivyo hadanganyi. Lakini mpe hadithi ya kurasa nane isiyo na maswali mwishoni, atakuuliza: "Hii ni ya mtihani?"

Nisije nikaeleweka vibaya kuhusu chuo. Kusoma kwa ulimi kuna makusudio yake na adabu zake: herufi itoke mahala pake, sauti ivutwe inapotakiwa kuvutwa, aya ikae moyoni. Kunanoa sikio, kunajenga kumbukumbu, kunafundisha subira ambayo walimu wengi wa skuli wangeipenda. Ila mtoto akiwa hajui kusoma kwengine isipokuwa huko, anazoea kwamba kusoma ni kutoa sauti iliyo sahihi mbele ya mkubwa anayevizia kosa. Akishika kitabu cha Kiswahili anafanya vivyo hivyo. Anakwenda mbio, hasimami penye nukta, na akimaliza anainua macho kungojea kuambiwa amekosea wapi. Kilichosemwa na kitabu hakijamhusu.

Tunapoambiana watoto wasome wakati wa likizo, basi tuseme wazi kwamba tunaitafuta hii ya tatu. Mbili za mwanzo zina mwaka mzima.

Ukili haulaliwi

Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina: kinatamkwa kilivyoandikwa. Irabu ni tano na hazigeuki. A ya "baba" ndiyo a ya "karafuu". Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo mtoto akishaimudu ba-be-bi-bo-bu na ndugu zake, pamoja na wakorofi wachache kama ng' na gh, anaweza kutamka karibu kila neno lililomo kwenye kamusi. Mwenzake wa Kiingereza bado anahangaika na maneno yanayofanana maandishi na kutofautiana matamshi.

Bahati hiyo ina mtego ndani yake. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukusomea kwenye gazeti kwamba "Baraza la Wawakilishi limepitisha makadirio ya mapato na matumizi" asikosee hata silabi, na nyumba nzima ikampigia makofi. Muulize makadirio ni nini. Atakutazama wewe, atalitazama gazeti, kisha atakutazama tena.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili kwenye hesabu fupi ya mstari mmoja: kuelewa unachokisoma ni kuyatambua maneno mara kuielewa lugha. Mara, si kujumlisha. Kwenye kujumlisha, mtoto mwenye kumi upande huu na sifuri upande ule bado ana kumi. Kwenye kuzidisha ana sifuri. Ndiyo maana mtoto anayetamka kila kitu anaweza kushindwa swali jepesi la ufahamu, na mzazi akabaki kusema "lakini huyu anasoma vizuri sana nyumbani".

Waliokulia karibu na bibi anayesuka watalifahamu kwa njia nyengine. Miyaa inachanwa, inatiwa rangi, inasukwa ukili. Ukili unaweza kuwa mrefu wa kuzunguka ua mzima, umekazana, hauna kasoro, na bado hakuna anayeulalia. Mpaka ushonwe, ubavu kwa ubavu, ndipo upate mkeka. Silabi na maneno ni ukili. Watoto wetu wengi ni wasukaji hodari. Wanachokosa ni mshono.

Kushona nako kunataka kasi. Mtoto anayesoma ha-tu-ku-wa-a-mbi-a silabi moja moja, akifika mwisho ameshasahau mwanzo, hajui tena kama wale watu waliambiwa au hawakuambiwa. Maneno ya Kiswahili ni marefu na kila kipande kina kazi yake: nani, lini, kwa nani, ndiyo au siyo. Ni kama baiskeli. Ukienda polepole mno inayumba na utaanguka, hata kama kuendesha unajua. Na kasi hii haiji kwa kumpigia mtoto kelele "soma haraka!" Inakuja kwa kukutana na maneno yale yale mara nyingi, mpaka jicho linayatambua kwa sura, kama unavyomtambua jirani kwa mbali kwa mwendo wake kabla hujamwona uso.

Kuna kitu cha tatu ambacho watu hukisahau: kuyajua mambo yenyewe. Mwaka 1988, huko Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa darasa la saba na la nane habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliielewa habari ile na kuikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Hapa kwetu fanya jaribio lako mwenyewe: mpe mtoto wa Kojani, kisiwa cha wavuvi, na mtoto wa Mji Mkongwe habari ile ile ya dema, mtego wa samaki, na kina cha maji, uone nani atakusimulia. Kwa hiyo siku ambayo mtoto ameshinda shamba kwa babu yake, akaona mambo na kuyauliza, haikupotea. Amejaza ghala ambalo kitabu kitakuja kuchota.

Ukitaka kuyaona yote haya kwa pamoja, angalia kanga. Mtoto wa miaka saba anaweza kutamka "Hasidi hana sababu" iliyo kwenye kanga ya mama yake. Akifika minane au tisa anajua hasidi ni nani. Halafu siku moja, ana miaka kumi hivi, anauliza mbele ya wageni: "Mama, kwani siku ile ya harusi ulimvalia nani?" Huyo sasa anasoma.

Hii habari ya kiangazi

Machapisho mengi tunayotumiana kuhusu watoto na vitabu, yakituonya kwamba mtoto asiposoma kiangazi atasahau yote, yametoka kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, ambako Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya joto na likizo ndefu inaukata mwaka mmoja wa masomo na mwengine. Kule Uingereza, tangu 1999, maktaba za umma huendesha mashindano ya kusoma kila majira ya joto: mtoto anajiandikisha, anachagua vitabu mwenyewe, na kwa miaka mingi lengo lilikuwa vitabu sita. Ni jambo zuri, lakini likivuka bahari na kufika Bandari ya Malindi hapa Unguja linahitaji kubadilishwa nguo.

Kwetu Juni ni kipupwe. Alfajiri mtoto anatafuta sweta, na mwaka wa masomo uko katikati. Likizo ya Disemba ndiyo inayomaliza darasa, na hiyo inaangukia kwenye joto la kuelekea kaskazi. Ramadhani nayo inarudi nyuma kila mwaka kwa siku kumi au kumi na moja hivi, ikija na mapumziko yake. Hatuna kipande kimoja kirefu; tuna vipande. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba mtoto "atasahau yote" nisingeibeba kama ilivyo. Hata huko ilikotoka watafiti wamebishana miaka mingi ni kiasi gani hasa kinapotea wakati wa likizo. Lisilobishaniwa ni dogo zaidi: ustadi usiotumika hupungua wepesi. Hilo halihitaji kumtisha mtu.

Kinachofaa kuazimwa kutoka kwenye yale mashindano ni lile neno "mwenyewe". Anachagua mwenyewe.

Kwa nini raha?

Wazazi wengi husikia "kufurahia kusoma" wakadhani raha ni sukari ya kuzungushia kidonge, ukiipata vyema, ukiikosa kidonge kinamezwa tu. Sivyo mambo yanavyokwenda.

Fikiria mpira. Hakuna kijana wa Jang'ombe aliyejifunza kupiga chenga kwa kuamrishwa. Alicheza kila jioni mpaka adhana ya magharibi, pengine mpaka mama akatoka na mwiko mlangoni, miaka na miaka. Akihesabiwa saa alizocheza hazina idadi, na hakuna hata moja aliyoiona kuwa mazoezi. Raha ndiyo iliyomlipia zile saa. Kusoma ni vivyo hivyo. Mtoto anayefurahia anasoma zaidi. Anayesoma zaidi anakutana tena na maneno yale yale. Maneno yakizoeleka kusoma kunakuwa kwepesi. Kukiwa kwepesi kunazidi utamu. Gurudumu limeshaanza kuzunguka na wewe huna haja ya kulisukuma.

Lipo na gurudumu la upande wa pili. Anayetaabika anakimbia, anayekimbia hafanyi mazoezi, asiyefanya mazoezi anataabika zaidi. Watoto wawili walioanza darasa la kwanza dawati moja, wakifika la tano wametenganishwa na bahari. Ndiyo maana kumwadhibu mtoto kwa kitabu, "umekosa adabu, kaa usome", ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Unamfundisha kwamba kitabu ni ndugu wa bakora.

Na muhtasari wangu wa ukurasa mmoja ulikuwa bakora yenye adabu. Nilikuwa nikitoza kodi kila alipofurahi. Likizo iliyofuata sikumwambia kitu. Niliviacha vitabu sebuleni, kimoja kikiwa cha visa vya Abunuwasi kilichochanika jalada. Alikisoma mara tatu. Mara ya tatu nilitaka kumwambia achukue chengine, nikajizuia, na nashukuru nilijizuia, kwa sababu kurudia hakuna hasara hata kidogo. Mara ya kwanza alikuwa akifuata kisa. Mara ya tatu alikuwa akisoma kwa kasi yake kamili na kuigiza sauti ya kadhi.

Maneno ya barazani

Sasa yale yanayosemwa. La kwanza ni twisheni, na hilo nitalipita haraka. Mtoto aliyebaki nyuma kwenye hesabu anaweza kuihitaji, sina ugomvi nayo. Lakini hiyo ni kusoma ya kwanza. Usiiandike kwenye daftari la hii ya tatu.

"Hadithi ni porojo, asome vitu vya maana." Hili huwa nalisikia kwa watu ambao wao wenyewe walilelewa kwa "Paukwa!" na "Pakawa!", na hawakuona kwamba bibi yao alikuwa akipoteza wakati kwa habari za Sungura na Fisi. Tazama lugha tunayozungumza na watoto ndani ya nyumba: leta, weka, umekula, zima taa, kaoge. Ni lugha ya kazi, na haina tofauti kubwa leo na jana. Hadithi ndiyo inayomletea mtoto "alighadhibika", "pasipo na budi", "ilhali", "laiti ningelijua". Maneno hayo hayapiti mezani kwetu, lakini ndiyo yatakayomngoja kwenye karatasi ya mtihani na kwenye barua ya kazi. Anayasikia ndani ya kisa, na kisa kinamweleza maana bila kamusi.

Kisha linakuja la Kiingereza, na hapa nawaelewa sana wazazi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na toka hapo kitabu cha Kiswahili mikononi mwa mtoto kikaanza kuonekana kama mtu anayepanda gari la kurudi kijijini. Rudi kwenye ile hesabu ya kuzidisha. Mtoto akipewa kitabu cha Kiingereza ambacho nusu ya maneno yake hayajui, upande mmoja una karibu sifuri, na jawabu litakuwa karibu sifuri. Tabia ya kutafuta maana, ya kushtuka "hapa sikuelewa" na kurudi nyuma, hujengwa kwenye lugha anayoielewa, na ikishajengwa inahama naye. Vitabu vya Kiingereza viwepo, vyepesi, vyenye picha, vikiwa nyongeza. Visiwe badala.

Kuna kichekesho hapa. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ya vitabu vya Afrika Mashariki yote imetoka nyumbani kwetu, na nyumbani kwetu ndiko kitabu kinakotafutwa kwa tochi. Lakini pia tusisahau kwamba mtoto wa Makunduchi, wa Tumbatu au wa Micheweni haongei Kiunguja cha mjini akiwa kwao. Akikuta kwenye kitabu neno tofauti na la kwao, wacheke pamoja, muulize "bibi hili angelitamkaje?" Ukimwambia la bibi ni baya na la kitabu ndilo zuri, umemfanya achague kati ya kitabu na bibi yake, na kitabu kitashindwa.

Simu je? Simu ni kama mfuko, uliza kilichomo. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa bure hadithi fupi za picha katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na ukizipakua mara moja huhitaji bando tena. Shida ya simu haimo kwenye hadithi, imo kwenye kile kinachoruka juu ya hadithi: video, michezo, ujumbe wa shangazi. Kwa mtoto mdogo, basi, shika simu wewe, msome pamoja, kisha irudi mfukoni.

Na lile la mwisho, ambalo mama mmoja aliniambia huku ameinamisha kichwa: "Mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidia nini?" Anaweza kusaidia kuliko anavyodhani, kwa sababu upande wa pili wa ile hesabu, kuielewa lugha, uko mdomoni mwake. Mwambie mtoto akusomee wewe. Sikiliza kwa kweli, usiwe unachambua mchele huku unasema "ehee, ehee". Akisita muulize "ikawaje?" Akimaliza mwambie jambo lililokukuta linalofanana na lile. Msikilizaji asiyejua kisa ni bora kuliko msahihishaji anayejua kila kitu, maana mtoto analazimika kukieleza kisa chenyewe. Na akiwa na mdogo wake wa miaka minne, ndiyo kabisa. Mdogo hajui makosa ya silabi; anataka kujua tu kama Fisi alikula au hakula.

Vitabu viko wapi, na saa iko wapi

Vya kununua ni vichache na si rahisi kwa kila mfuko, hilo tusilifiche. Lakini mimi nilianza kusoma kwa vipande vya magazeti. Tulikuwa tukitumwa karanga, zinakuja zimefungwa kwa gazeti la miezi iliyopita, na tukishakula tunagombania karatasi. Habari ilikuwa imekatwa katikati, kwa hiyo mwisho wake tuliutunga wenyewe. Mpaka leo kuna kesi moja ya wizi wa ng'ombe ambayo sijui iliishaje.

Maandishi yamejaa. Majina ya kanga, kama tulivyoona. Maelezo kwenye pakiti ya dawa ya mbu. Maneno ya nyuma ya daladala. Kabla ya kupanda ya 502 ya Bububu mwache mtoto aisome yeye na akwambie ndiyo yenyewe. Ujumbe mrefu wa ami aliyeko Muscat: usiusome wewe, mpe mtoto ausome kwa sauti kwa ajili ya nyumba nzima, na yeye ndiye aandike jawabu. Hapo anaona kwamba maandishi yana mtu upande wa pili.

Kwa vitabu vyenyewe, Unguja iko Maktaba Kuu pale Maisara, mwendo wa miguu kutoka Mnazi Mmoja, na Pemba ipo maktaba Chake Chake. Nenda naye mara ya kwanza, muonyeshe sehemu ya watoto, kisha kaa pembeni ufunge mdomo. Usichague. Njia moja nyepesi ya kupima uzito wa kitabu ni vidole: afungue ukurasa wowote, akunje kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Mkono mmoja ukikunjika wote kabla ya ukurasa kwisha, hicho kingoje, au msome pamoja. Kidole kimoja au viwili, amepata. Hakuna kidole hata kimoja? Pia amepata. Mchezaji hafanyi mazoezi na timu ya taifa kila siku.

Na kikimchosha kwenye ukurasa wa tano, akirudishe. Wewe mwenyewe umeacha tamthilia ngapi katikati?

Saa ndiyo ngumu zaidi, na ugumu wake haukugawiwa sawa. Wakati wa likizo mtoto wa kiume anatoka asubuhi na kurudi na tope. Wa kike anafagia, anaosha vyombo, anabeba mdogo wake kiunoni, na akikaa chini na kitabu anaulizwa "huna kazi ya kufanya?" Kama kweli unataka asome, kuna sufuria ambalo lazima mtu mwengine alioshe. Kaka yake ana mikono miwili.

Kwa Pemba, mwaka ambao karafuu zimezaa, kuanzia mwezi wa saba hivi nyumba nzima iko shamba, na jioni kila mtu amekaa kwenye mkeka akitenga karafuu na makonyo. Sioni haja ya kugombana na karafuu. Ile saa ya kuchambua usiku, watu wamekaa duara na mikono ina kazi lakini masikio hayana, ni saa bora kuliko darasa lolote: mtoto mmoja anaachiwa mikono, anapewa taa na kitabu, anawasomea wengine. Kesho zamu ya mwenzake. Mjini saa hiyo inaweza kuwa baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali na hakuna anayetaka kutoka, au baada ya isha. Dakika kumi na tano zinatosha, mradi ziwe zile zile kila siku na wewe usiwe kwenye simu.

Wazazi huniuliza watajuaje kama imefaa, maana hakuna alama wala nafasi ya darasani. Sikiliza tu. Atatumia neno ambalo hukumfundisha, tena mahali si pake. Atacheka peke yake chumbani, na ukimuuliza atasema "hakuna kitu". Atakusimulia kisa kirefu kilichopinda na kukasirika ukimkata. Atauliza kwa nini yule mzee kwenye hadithi hakusema ukweli tangu mwanzo. Wangu, wiki iliyopita, nilimtuma dukani karanga za mia tano. Alikawia, nikatoka kumtafuta, nikamkuta amekaa kwenye baraza ya jirani, karanga zimemwagwa kwenye mtandio na karatasi imekunjuliwa mapajani. Hakuniona nilipofika.